Tonomita ya kudunda na watoto wenye baka usoni: maoni ya nesi wa macho, Pemba

Naanza na hukumu, asiye na muda aondoke nayo. Tonomita ya kudunda, kile kidude cha mkononi cha kupimia presha ya jicho bila dawa ya ganzi, ni kifaa kizuri, na kwa mtoto mchanga sijaona kinachokishinda katika spitali za huku kwetu. Lakini kitengo kisicho na lenzi ya kutazamia nyuma ya jicho, dawa ya kupanua mboni na mtu aliyefundishwa kuvitumia, kisianze na ununuzi huu. Nimesikia watu wakikisifu kana kwamba kinaona. Hakioni. Kinagusa tu.

Mimi ni nesi wa macho, kaskazini ya Pemba. Wanaokuja kwangu wanatoka Konde, Tumbe, Micheweni, na wengine wanavuka na mashua kutoka Kojani na Fundo. Wengi ni wazee wa mtoto wa jicho na watoto wa skuli waliogongwa na fimbo. Hao si wa maoni haya. Ninaowaandikia ni wachache, na wazazi wao huja wamechoka kuambiwa maneno: watoto wenye maumbile ya mishipa ya damu yasiyo ya kawaida machoni au karibu na macho. Ni kwa ajili yao ndiyo nimekijua kifaa hiki vizuri, uzuri wake na mwisho wake.

Sitaji kampuni. Aina hii hutengenezwa kwa matoleo tofauti, na ninayoyasema yanahusu namna kinavyofanya kazi, si nembo iliyobandikwa. Chimbuko lake ni Finland, ambako Antti Kontiola alilifanyia kazi wazo hilo katika miaka ya 1990. Ndani mna koili ya umeme inayorusha kijiti chepesi chenye kichwa kidogo cha plastiki. Kijiti kinagusa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kisha kinarudi. Jicho lenye presha kubwa hukirudisha kwa kasi, jicho laini hukichelewesha, na mashine inasoma tofauti hiyo. Inapiga mara sita, inaacha kipimo cha juu kabisa na cha chini kabisa, inatoa wastani wa vilivyobaki. Unasikia mlio, unaandika namba. Mguso wenyewe ni mfupi mno hata mtoto hana muda wa kukasirika.

Chetu kililetwa na wageni wa kambi ya macho. Kabla yake tulikuwa na Schiøtz, kile chuma cha Mnorwe Hjalmar Schiøtz kilichotoka mwaka 1905, na sitokisema vibaya sana maana kimetufaa kwa watu wazima na hakili betri. Kwa mtoto mchanga ni shughuli nyingine. Umlaze chali, umtie matone ya ganzi, umfunge kanga mikono ndani, mmoja ashike kichwa, mwengine afungue kope, kisha uweke chuma chenye pini ya uzito wa gramu 5.5 juu ya jicho na usome sindano ikicheza. Mtoto analia, anabana macho, presha inapanda kwa kule kubana kwenyewe. Namba unayopata ni ya kilio. Na hata akitulia, ukuta wa jicho la mtoto mdogo ni laini kuliko wa mtu mzima, unabonyea kirahisi, kwa hiyo chuma kinaweza kukuonyesha presha ndogo kuliko iliyopo. Makosa mawili yanayokwenda pande mbili tofauti katika kipimo kimoja. Jedwali la kubadilishia halikusaidii kujua lipi limeshinda.

Njia nyengine ilikuwa kumlaza mtoto usingizi wa dawa, na hiyo ina mambo yake. Ketamini huweza kuipandisha presha ya jicho, gesi za usingizi huishusha. Na kwa mtoto ambaye huenda ana kifafa, kama hawa ninaowasema, hulazi usingizi kila unapotaka namba.

Sasa nieleze baka lenyewe. Ni lile bapa, lisilo na kinundu, ambalo mtoto anazaliwa nalo. Vitabu vingi vimejaa picha za ngozi nyeupe, baka linaonekana toka mlangoni. Kwa watoto wetu rangi yake huwa imeiva, zambarau inayokwendea kwenye hudhurungi, na kwa mwanga wa taa ya kliniki unaweza kulipita ukidhani ni alama ya kubanwa wakati wa kuzaliwa au ukurutu uliopona. Mpeleke dirishani. Mwangalie mtoto kwa mwanga wa mchana, na uangalie pia weupe wa jicho la upande huo: mara nyingi utaona mishipa mizito, iliyojaa, kuliko ya jicho la pili.

Baka likikaa kwenye paji la uso na kope, hasa kope ya juu, maswali ni mawili: ubongo na jicho. Ndiyo sindromu ya Sturge-Weber. William Allen Sturge, daktari wa Uingereza, alimweleza mwaka 1879 mtoto wa kike mwenye baka la uso na kifafa, na Frederick Parkes Weber akaongeza ushahidi wa picha za eksirei mwaka 1922. Mishipa isiyo ya kawaida huwa pia juu ya ubongo chini ya utando wake, na ndiyo inayoleta degedege, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kwenye jicho mambo ni mawili tena: presha, na uvimbe wa mishipa katika koroidi, tabaka la damu lililo nyuma ya retina, lile pazia la ndani ya jicho linalopokea mwanga. Si kila mwenye baka ana yote. Wapo wenye baka tu, wakakua salama.

Mama mmoja kijana wa Kojani aliniletea mtoto wa namna hiyo, kafuatana na bibi wa mtoto. Mtoto alikuwa ameshaanza kukerwa na mwanga, machozi yanamtoka upande mmoja, na huko nyuma walipewa matone ya maambukizi mara kwa mara. Nilipotoa kifaa, mama akakitazama ile ncha.

"Nesi, itamchoma?"

"Haimchomi, mwanangu. Mpe ziwa."

Hapa ndipo kifaa kinapolipa. Mtoto alinyonya mpaka akalegea. Nikamwambia mama akae wima, amwinue mtoto kichwa kikae sawa, nami nikashusha kiti mpaka mkono wangu ukalingana na jicho lake. Kope ya juu niliinua kwa kidole bila kuikandamiza kwenye jicho, maana ukikandamiza umeshaharibu namba. Kijiti kikae milimita chache mbele ya konea, katikati kabisa, kikiwa mlalo. Nikabonyeza. Mtoto akapepesa mara moja, akaendelea kunyonya. Jicho la kulia, lisilo na baka: 13. La kushoto: 27. Nikarudia, 26. Kisha nikachukua rula ya plastiki nikapima upana wa konea. Mchanga wa kawaida huwa karibu milimita 10. Ikipita 12 katika mwaka wa kwanza, ushughulike. La kushoto lilikuwa limepita 12, na kioo chake kilikuwa na ukungu.

Bibi wa mtoto alikuwa kimya muda wote. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba mwezi ulipatwa na mama mtu akajishika uso. Nilimwambia bibi, si mwezi, si husda, na si kosa la huyu binti wala la baba mtoto. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni badiliko katika jeni iitwayo GNAQ, linalotokea mimba ikiwa imeshatunga, katika baadhi tu ya seli za mtoto. Halikurithiwa, na halina sababu ya kumfanya binti aogope kuzaa tena. Nimeona nyumba zikivunjika kwa baka hili, kwa hiyo hilo nalisema kabla ya kusema neno la dawa.

Kwa watoto hawa presha ina vipindi viwili. Cha kwanza ni utotoni kabisa, kwa sababu njia ya kutolea maji ya jicho haikuumbika sawasawa. Cha pili huja baadaye, mtoto akiwa wa skuli au kijana, kwa sababu vena zinazopokea maji hayo zina presha kubwa kuliko kawaida. Kwa hiyo mtoto aliyepimwa akiwa na miezi sita akaonekana mzima hajamalizana na sisi. Anatakiwa arudi, na arudi tena. Ukimwambia mzazi kila mara mtoto atafungwa kanga na kulazwa chali, hatorudi. Kwa tonomita hii wanarudi. Watoto wa skuli wenyewe wanakaa wanangoja mlio. Kwa hili peke yake kifaa kinastahili nyota zote za mnaopenda kutoa nyota.

Namba zenyewe zisomwe kwa akili. Kwa mtu mzima tunasema kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Kwa mtoto mdogo tunategemea chini zaidi. Kifaa hiki huwa kinasoma juu kidogo kikilinganishwa na mashine ya mezani ya Goldmann, hasa konea ikiwa nene au presha ikiwa tayari kubwa. Halinisumbui sana. Ninachotafuta kwa mtoto ni tofauti ya jicho na jicho, mwendo wa namba kutoka ziara hadi ziara, na kama konea inapanuka. Namba moja pweke, hata iwe ya mashine gani, siiandikii dawa, na kwa cheo changu sitakiwi kuiandikia.

Sasa upande wa pili, ule ambao wauzaji hawausemi.

Alikuja mtoto wa skuli, mwenye baka la zamani kwenye kope na shavu. Mwalimu kamuona anasogeza daftari upande. Presha: 14 na 15. Kwa kifaa peke yake angekwenda nyumbani na cheti kizuri. Dokta wetu alipompanulia mboni na kutazama kwa taa ya kichwani na lenzi, jicho la upande wa baka lilikuwa jekundu kote huko nyuma, mpaka mishipa ya koroidi haipambanuki. Vitabu hufananisha rangi hiyo na sosi ya tungule, na safari hii vitabu vimesema kweli. Ukilitazama jicho hilo peke yake unaweza ukapitiwa, kwa sababu wekundu umeenea sawasawa na hakuna mpaka wa kukushtua. Unapohamia jicho la pili ndipo unapokiona ulichokiona. Hiyo ndiyo hemanjioma ya koroidi iliyosambaa, yaani ule uvimbe wa mishipa niliousema. Haikuwa saratani, haisafiri mwilini. Shida yake ni maji: hutoa maji yanayojikusanya chini ya retina na kuinyanyua, na kabla ya hapo hulifanya jicho lihitaji miwani ya nguvu ya kuona mbali, ambayo mtoto asipopewa mapema ubongo unaliacha jicho hilo lilale.

Tonomita haina habari na lolote kati ya hayo. Ultrasaundi ya jicho inayo. Lenzi inayo. Hata ubao wa herufi ukutani unayo, na huo hauna betri.

Kuna jambo jengine kuhusu presha na hemanjioma hiyo, na nalisema kwa sababu tunapenda kushangilia namba ikishuka. Jicho la Sturge-Weber likipasuliwa ili maji yatoke, presha ikaanguka ghafla, ile mishipa ya koroidi inaweza kuvuja au kutoa damu nyuma ya jicho mezani pale pale. Upasuaji huu hufanyika na huokoa macho, lakini ufanywe na mtu anayejua mapema kwamba koroidi imejaa. Kwa hiyo barua ya rufaa yenye namba za presha tu, bila neno la nini kilionekana nyuma, ni barua pungufu. Mtoto anavuka bahari mbili, kwanza Unguja kisha Dar es Salaam, na karatasi yenye tarakimu nne.

Matibabu ya uvimbe wenyewe ni ya huko mbele. Upo wa duara moja, usio na sindromu wala baka, unaogundulika zaidi kwa watu wazima. Huo hutibiwa kwa dawa ya verteporfini inayotiwa mshipani kisha ikaamshwa kwa mwanga wa leza. Ule uliosambaa, ukinyanyua retina, huweza kutulizwa kwa mionzi ya kiwango kidogo. Sisi kazi yetu ni kuugundua kabla retina haijakaa juu ya maji muda mrefu.

Watu wa kundi jengine ndio wanaonifanya nikasirike nikisikia "tumeshampima jicho" kumbe kapimwa presha tu. Hao ni wa ugonjwa wa von Hippel-Lindau. Hawa hawana baka usoni. Ukimuona njiani hujui. Eugen von Hippel wa Ujerumani aliueleza uvimbe wao wa retina mwaka 1904, na Arvid Lindau wa Sweden mwaka 1926 akauunganisha na uvimbe wa ubongo wa nyuma. Huu ni wa kurithi: mzazi mwenye nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Jeni yake, iliyo kwenye kromosomu ya 3, ilipatikana mwaka 1993. Kwenye retina huanza kitone chekundu, na kikikua utaona mishipa miwili imenenepa, mmoja unapeleka damu na mmoja unarudisha, imekiendea moja kwa moja. Kikiwa kidogo, leza hukimaliza au hukituliza. Kikiachwa, kinavuja, retina inanyanyuka, na jicho linapotea kwa kijana ambaye presha yake ilikuwa 12 tangu siku ya kwanza.

Na mbaya zaidi jicho huwa ndiyo dalili ya mwanzo. Watu hao hao hupata uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo, saratani ya figo, na uvimbe wa tezi juu ya figo unaorusha presha ya damu juu bila kutarajiwa. Nikisikia ukoo ambao baba kafa "na uvimbe wa kichwani", ami yake "na figo", na sasa kijana haoni vizuri jicho moja, siendi kuchukua tonomita. Naomba mboni zipanuliwe, mpaka pembeni kabisa mwa retina, macho yote mawili, na ndugu zake waje. Watoto wa nyumba hiyo watazamwe kila mwaka hata wanaoona vizuri. Kuwashawishi watu wazima wenye afya wafunge safari kwa ajili ya jicho lisilouma, hasa wakati wa karafuu, ni kazi kuliko kazi yenyewe.

La kope nalisema kwa ufupi. Mtoto aliyezaliwa hana kitu, kisha katika wiki za mwanzo kinachomoza kinundu chekundu kwenye kope na kinakua haraka: hiyo ni hemanjioma ya utotoni, siyo baka la Sturge-Weber. Hii hukua kwa miezi kisha hunywea yenyewe kwa miaka. Wazazi wakisikia "itanywea" wanarudi nyumbani, na ndipo jicho linapoharibika, kwa sababu kinundu kikiifunika mboni au kikiikandamiza konea ikapinda, ubongo hausubiri miaka. Tangu mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux huko Ufaransa walipogundua kwa bahati kwamba propranolol, dawa ya zamani ya moyo na presha, inaifanya inywee, matibabu yamebadilika kabisa. Lakini dawa hiyo hushusha mapigo ya moyo na sukari ya mtoto. Huanzishwa na daktari, na mtoto anakunywa akiwa amenyonya. Asije mtu akakata kidonge cha babu. Tonomita hapa kazi yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni kupimwa miwani.

Nirudi kwenye kifaa, maana kuna mambo ya matumizi ambayo anayeagiza ayajue.

Mkao ni jambo. Matoleo ya mwanzo yanataka kijiti kiwe mlalo, kwa hiyo mtoto lazima awe wima. Yapo ya baadaye yanayokubali mtoto aliyelala chali, na kwa kazi ya watoto hilo ndilo la kununua. Chetu ni cha wima. Ndiyo maana nimejifunza kuwapanga akina mama kwenye viti kama fundi wa picha.

Kope ndefu zinasumbua. Kijiti kikigusa unywele wa kope, kipimo hakitoki au kinatoka cha ajabu, mashine inalalamika kwa mlio wake na unaanza upya. Mashine hukuonyesha kama vipimo sita vimetofautiana sana; usikidharau kialama hicho ukaandika namba kwa sababu foleni ni ndefu.

Vijiti ni vya mtu mmoja, mara moja, vimo kwenye vifuko vyake. Hapa ndipo bei ya kweli ilipo. Kifaa chenyewe ni mamilioni ya shilingi na wafadhili wanapenda kukitoa kwa sababu kinapigwa picha vizuri. Vijiti hakuna anayepiga picha navyo. Vinapokwisha kishawishi cha kuvifuta kwa spiriti na kuvirudia kinakuja, na mimi nasema hapana. Mnakumbuka mwaka 2024 macho mekundu yalivyotembea nchini. Kirusi cha aina ile kinahitaji kugusa tu, na kifaa hiki kazi yake ni kugusa. Tuliwahi kuuziwa vijiti na wakala mmoja aliyeapa vinaingia kwenye kila toleo; vikawa vinaning'inia. Fedha haikurudi.

Betri ni za kawaida, za dukani, na hilo ni jema kubwa katika kisiwa ambacho umeme ukikatika hujui unarudi lini. Ila ziondolewe kifaa kisipotumika, kwa sababu hewa yetu ya bahari hula vichuma vya ndani, na chumvi haina adabu. Shimo la kijiti nalo hushika vumbi. Kijiti kikianza kusita, shimo lisafishwe kama maelekezo yanavyosema, pasitiwe mafuta wala kitu cha kubahatisha.

Kwa wazazi ambao mtoto wao ameshaandikiwa matone, maneno mawili ya haraka. Latanoprost ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Ikishafunguliwa ina wiki sita, nje ya jua na joto, basi tena. Andika tarehe kwenye kichupa kwa kalamu. Timolol asipewe mtoto mwenye pumu bila daktari kujua. Na brimonidine haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, huweza kumlegeza mpaka pumzi ikapotea. Nimeiona ikiuzwa dukani juu ya kaunta kwa "macho mekundu ya mtoto", na nilimwambia muuzaji mbele ya wateja wake.

Sasa fedha. Kitengo kikija na swali la tununue nini kwanza, jibu langu ni taa ya kichwani ya kutazamia retina na lenzi ya nguvu ya dayopta 20, pamoja na kumpeleka mtu mmoja akasomee kuitumia. Kwa hivyo mtaona hemanjioma ya koroidi, mtaona kitone cha von Hippel-Lindau, na pia mtaona neva ya jicho ikiliwa na presha, ambalo ni jambo ambalo namba haikwambii. Rula ya konea ni bei ya andazi. Tonomita ya kudunda iwe ya pili, na iwe ya pili kwa haraka.

Mkishaamua kuinunua, vijiti vya mwaka mzima viagizwe katika ankara ile ile ya kifaa, si baadaye. Na muuzaji akiwaambia kwamba toleo lake linapima mgonjwa aliyelala, mwambieni alale yeye chali kwenye benchi, mumpime hapo hapo kabla ya kutia saini.